Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ukaguzi wa Rangi ya Chini ya Vyombo vya Baharini

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka, yaani usafi wa diko (mahali pa kuegeshea vyombo), rambirambi na ununuzi wa kamba, mnazifahamu, nami sitazirudia. Mapato yalikuwa shilingi 2,460,000 na matumizi shilingi 2,185,000. Kati ya wanachama 58, waliokamilisha ada ni 23, na mkutano mmoja uliahirishwa kwa kukosa akidi, ingawa hao hao wasiohudhuria ndio walioniletea barua za malalamiko.

Malalamiko yanahusu uamuzi wa kamati kwamba kila chombo kipandishwe pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kukaguliwa rangi ya chini kabla mwenyewe hajakopa katika mfuko wetu. Imesemwa kwamba Mwenyekiti anawakosesha watu riziki. Nakumbusha kuwa ni mimi niliyependekeza tabaka la kwanza lipakwe jekundu na la juu jeusi, ili wekundu ukichungulia, hata mtoto ajue kinga imekwisha. Rangi hizi huzuia chaza na mwani kwa kuachia shaba kidogo kidogo majini, kwa hiyo hazina budi kuisha, na huanzia omoni (mbele ya chombo), kwenye kingo za usukani na kwenye mkuku, yaani boriti ya chini kabisa, unaoburuzwa mchangani. Wanaosifu rangi za zamani zenye sumu ya bati, kwamba zilidumu zaidi, wafahamu kuwa zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008, kwa sababu ziliwadhuru chaza na konokono wa baharini hata pasipo na chombo karibu.

Chombo kimoja, ambacho sitakitaja, kwa mbali kilikuwa cheusi safi kabisa. Fundi alipopitisha kisu chini ya lengelenge moja, liling'oka ganda la rangi la ukubwa wa kiganja, na upande wake wa ndani ulikuwa na chumvi na mwani uliokauka. Rangi hiyo haikushika tangu siku ya kupakwa, kwa kuwa ubao haukukwanguliwa wala kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na chini yake wadudu watobolao mbao walikuwa wamekwisha kujichimbia. Mwenye chombo hicho alikuwa miongoni mwa waliopinga ukaguzi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Uamuzi huo, kwa hiyo, unabaki. Mwakani, Mungu akijalia na ada zikilipwa, tunatumaini kuwa na daftari la kila chombo na pengine banda la kupakia rangi kivulini. Wenye madeni wamwone mweka hazina.