Joto la kukaushia uchafu wa vyoo lisitoke Virunga

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Majengo, hapa Goma. Kila jioni tunafagia maranda na vumbi la mbao, nyingi zikiwa mikaratusi ya Masisi, kisha tunayachoma bure kando ya barabara. Inaniuma, kwa sababu mji huu unahitaji joto hilo kwa uchafu wa vyoo vyake.

Tumejenga juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Kuchimba choo ni kazi ya tarimbo na nyundo, basi mashimo ni mafupi na yanajaa upesi. Kinachotolewa humo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, pamoja na mayai ya minyoo yanayoweza kuishi miezi mingi. Kuanzia Septemba mvua inanyesha mfululizo, jua peke yake haliwezi kuukausha uchafu huo. Joto la nyuzi 70 kwa nusu saa linayaua mayai hayo.

Wakubwa wa mji, joto hilo lisitoke kwenye makala, yaani mkaa! Makala mengi tunayopikia yanatoka mbuga ya Virunga, na msitu ule umekwisha kuumia vya kutosha. Mikaratusi ya kupandwa ipo. Ukiikata, kisiki kinachipua tena. Mradi wa EcoMakala wa WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, umewasaidia wakulima wengi wanaoizunguka mbuga kupanda miti ya namna hiyo.

Lakini maji ya uchafu huo yachujwe kwanza, kwenye vitanda vya mchanga vilivyoezekwa. Kilo moja ya kuni kavu, hata katika tanuri zuri, inageuza kuwa mvuke kilo 3 au 4 tu za maji. Nasema kuni kavu, maana mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tripleksi (plaiwudi) yenye gundi na mbao za rangi zisiingie kabisa, moshi wake ni sumu. Kwangu vijana wanatenga: mbao tupu gunia lake, tripleksi gunia lake. Karakana nyingine zinaweza pia.

Wengi wetu tunachota maji ya Ziwa Kivu, na kipindupindu hakituachi. Naomba jimbo litoe uwanja wa kukaushia uchafu, mbali na ufuko, wenye njia ya kupitisha lori. Maranda yangu nitayaleta bila kudai hata faranga.

Fundi seremala,
Majengo, Goma