Barua ya wazi kwa Afisa Misitu wa Wilaya: Kabla ya kugonga nyundo, mvule huo ni dume au jike?

Ndugu Afisa Misitu,

Salaam, na pole na kazi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Linahusu mivule iliyobaki mashambani huku tambarare, chini ya milima ya Usambara Mashariki: mmoja katikati ya michungwa, miwili makaburini, mitatu bondeni, kisha mwendo mrefu bila hata mmoja. Anayetaka kuukata huja kwako kuomba kibali, nawe unatuma watu wakapime kipenyo na kuugonga nyundo ya alama ya kukatwa. Ombi langu ni kwamba waulize na jinsia.

Usicheke. Kila aliyepanda mipapai anajua kuna mpapai dume. Mvule nao ni hivyo hivyo, dume mbali, jike mbali. Dume hutoa maua ya mikia myembamba myeupe inayoning'inia, karibu shubiri moja, na ikishamwaga chavua, ule unga wa kurutubisha maua ya jike, huanguka ikatapakaa chini. Ya jike ni mafupi, manene, ya kijani, na ndiyo yanayogeuka tunda. Popo hulila usiku na kwenda kuangusha mbegu mbali. Sasa mwenye shamba akitazama, akaona mti wake haujawahi kuzaa, husema huu ndio wa kuuza. Hesabu ya mpapai hiyo. Lakini mpapai dume ukiukata, mwakani unao mwingine. Mvule wa kukumbatiwa na watu watatu ulikuwapo kabla ya babu zetu.

Chavua ya mvule hubebwa na upepo tu. Karibu na dume hujaa hewani, lakini kila unaposogea mbali hupungua upesi. Mkuyu una bahati zaidi, maana una nyigu wake wadogo mno wanaopanda juu na kuchukuliwa na upepo, halafu wenyewe wanautafuta mkuyu mwingine. Kule Namibia, kando ya mto Ugab, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha nyigu hao wamefikisha chavua hadi kilomita 160. Mvule hauna mjumbe anayeutafuta mwenziwe. Jike lisilofikiwa na chavua halipati mbegu inayoota.

Tuseme bondeni limebaki dume moja na majike mawili. Miche yote itakayoota pale ina baba mmoja. Ikikua, itazaana ndugu kwa ndugu. Wafugaji wanalijua hili bila kusoma popote: beberu mmoja akikaa zizini miaka mingi, vitoto vya mbuzi vinaanza kudumaa, ndipo mtu anakwenda kubadilishana beberu na jirani. Kwa miti, anayebadilisha beberu ni chavua ya kutoka mbali. Na ubaya wa miti ni kwamba hasara haionekani upesi. Mizee imesimama, majani ya kijani, kivuli kipo, kila mtu anaona mivule ipo. Kilichopungua kiko kwenye miche.

Miche yenyewe ina adui, yule mdudu anayeifanyia vivimbe kwenye majani na vichipukizi mpaka ncha inaoza. Huko Ghana watafiti wameona baadhi ya miche ya mvule humhimili kuliko mingine. Ukibaki na uzao wa baba mmoja, unacheza bahati nasibu ukiwa na tiketi moja.

Nimesikia hoja kwamba mti uliobaki peke yake shambani hauna kazi tena, bora uwe mbao. Si lazima iwe hivyo. Honduras walipochunguza aina moja ya mhogani katika vipande vya msitu vilivyotengana, walikuta chavua imevuka zaidi ya kilomita 4.5. Ule unabebewa chavua na wadudu, kwa hiyo siwezi kuuchukua kama kipimo cha mvule. Lakini mti wa peke yake unaweza kuwa kituo cha katikati kati ya bonde hili na lile, na ukiuondoa umekata njia.

Nakiri na la kwetu. Mvule wa mpakani tuliukata wenyewe, na mlango wa chumba ninamoandikia ni mbao yake. Haikuulizwa kama ni dume au jike, hata mimi sikuuliza.

Kazi ninayoomba ni ndogo. Msimu wa maua, kamati ya maliasili ya kila kijiji ipite na kupaka rangi: dume alama yake, jike yake. Maombi ya kukata dume la mwisho katika eneo yasubiri. Na bustani ya miche ikusanye mbegu chini ya majike mengi, ya vijiji mbalimbali, isijaze viriba vyote kwa mbegu za jike lile moja lililo karibu na barabara.

Kwa kijiji chetu nimeshaanza. Nimehesabu mivule 11, na mitano bado sijaijua jinsia kwa sababu haijatoa maua tangu nianze kuitazama. Ikitoa, nitakupigia, njoo na mtu wa kukwea mti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa machungwa