Springi za nyuma za magari ya zamani zichaguliwe kwa vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenye magari makubwa ya zamani hapa Uganda wanalifahamu vizuri, lakini ambalo mara nyingi huamuliwa kwa haraka mbele ya kaunta ya duka la vipuri, nalo ni uchaguzi wa springi za nyuma baada ya zile za awali kuchoka au kuvunjika. Ninaandika hasa nikiwa na Mercedes-Benz W123 akilini, kwa sababu ndilo gari ninalolijua zaidi. Hata hivyo, mengi nitakayoyasema yanamhusu pia mwenye Peugeot 504 au Toyota Crown ya miaka ile.

W123 zilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1986, karibu milioni 2.7 kwa jumla, na zile zilizobaki nchini mwetu ndizo hizo hizo, hazitaongezeka. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Mtu aliyerithi gari la namna hiyo kwa baba yake, na ambaye bado anasafiri nalo kwenda Mbale au Masaka, hana njia nyingine ila kulitunza hilo alilo nalo.

Desturi iliyoenea ni hii. Gari linaanza kulala nyuma, hasa likiwa na abiria watatu kiti cha nyuma na mikungu kadhaa ya matoke kwenye buti. Mwenyewe analipeleka gereji, fundi analitazama kwa macho, anatamka kwamba springi zimekwisha, na kijana anatumwa Ndeeba au Kisekka, kwenye masoko ya vipuri ya Kampala, kutafuta springi ngumu. Kijana anarudi na springi mbili nene zilizotolewa kwenye gari ambalo hakuna anayelijua, zinafungwa, nyuma inanyanyuka, na kila mtu anaridhika. Siwadharau mafundi wetu, ambao wengi wao wamefanya magari haya yaishi maisha marefu kuliko hata watengenezaji walivyotarajia. Ninachokipinga ni kununua springi pasipo kupima chochote, wala kwenye gari wala kwenye springi yenyewe.

Ugumu wa springi ya koili unategemea mambo matatu zaidi ya aina ya chuma: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Kati ya hayo, unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo. Ukibadilisha waya wa milimita 13 ukaweka wa milimita 14, na mengine yote yakabaki vilevile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa zaidi ya thuluthi moja. Milimita moja haionekani kwa jicho, hasa pale springi moja inapokuwa na rangi na nyingine ikiwa na kutu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba waya upimwe kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, mahali palipokwanguliwa rangi. Urefu wa springi ikiwa imelala sakafuni ni kipimo cha kudanganya kikitumika peke yake, kwa kuwa springi fupi yenye waya mnene inaweza kulibeba gari juu zaidi kuliko springi ndefu yenye waya mwembamba.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa, nalo ni mahali springi ilipokaa. Kwenye W123 springi ya nyuma haikukaa juu ya gurudumu, bali juu ya mkono unaoshikilia gurudumu, kati ya gurudumu na bushi za mkono huo, yaani viungo vya mpira vinavyoufunga mkono kwenye gari. Tuseme springi imekaa katikati kabisa ya mkono: itabeba uzito mara mbili ya ule ulio juu ya gurudumu, huku ikisafiri nusu tu ya mwendo wa gurudumu, na kwa hiyo lazima iwe ngumu mara nne ya springi ambayo ingekaa juu ya gurudumu lenyewe. Mfano huu ni wa hesabu tu, lakini unaonyesha kwa nini hoja ya dukani kwamba magari mawili yana uzito sawa, na kwa hiyo springi zake zinabadilishana, haina msingi wowote. Uzito unaweza kuwa sawa kabisa na springi zikatofautiana mara mbili au tatu.

Nimeyaona matokeo yake kwa jirani yangu, ambaye gari lake lilifungwa springi zilizotoka kwenye gari la kuvuta magurudumu yote manne. Nyuma ilisimama juu kiasi cha kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kila tuta la barabarani lilipofika, magurudumu ya nyuma yaliruka badala ya kufuata barabara, kwa kuwa shokapu zilikuwa zile za zamani, zilizotengenezwa kutuliza springi laini, na hazikuweza kuizuia springi ngumu isirudi kwa kishindo. Usiku taa za mbele zilimulika karibu mno, kwa sababu pua ya gari ilikuwa imeinama. Baadhi ya magari ya zamani yana pia vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli. Gari la namna hiyo likinyanyuliwa kwa springi zisizo zake, vali hudhani gari ni tupu daima na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata pale ambapo gari limejaa watu.

Gari linalolala nyuma nalo lina hatari zake, na sipendi nieleweke kwamba nawashauri watu waache springi zilizochoka. Taa zinanyanyuka na kuwapofusha wanaokuja mbele, jambo ambalo kila anayesafiri usiku barabara ya Masaka analijua. Magurudumu ya nyuma ya W123 huinama ndani kwa juu, na tairi zinalika upande wa ndani wakati upande wa nje bado ni mzima.

Kabla ya kusema springi zimekwisha, gari lipimwe. Lisimame mahali palipo sawa, tangi likiwa limejaa, kwani lita 65 za petroli ni karibu kilo 50 na tangi la W123 liko nyuma ya kiti, juu kabisa ya ekseli. Upepo wa tairi uwe sahihi na buti iwe tupu. Lisukumwe mbele na nyuma mita chache baada ya kushushwa kwenye jeki, kwa maana magurudumu ya nyuma hujikunja yakining'inia na hayarudi mahali pake mpaka yazunguke. Kisha upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, na uandikwe. Kwa dakika chache hizo mtu anaweza kugundua kwamba upande mmoja tu ndio ulioshuka, na upande mmoja ukishuka peke yake kwa kiasi kikubwa, mara nyingi ni springi iliyovunjika, si iliyochoka.

Springi huvunjika zaidi kwenye mzunguko wa mwisho, pale inapokaa kwenye kikalio chake na matope na maji yanapotuama. Katika gereji moja hapa Jinja niliishika springi ya namna hiyo na kuutazama uso wa mvunjiko: zaidi ya nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu ya muda mrefu, na sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa chuma kinachong'aa. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo kitambo na gari lilikuwa likitembea juu ya kipande kilichosalia. Hii ndiyo sababu yangu ya kutoamini springi kuukuu ambayo haijasafishwa kwa brashi ya waya na kutazamwa mzunguko wa mwisho, juu na chini. Muuzaji akikataa isisafishwe, mnunuzi aondoke.

Ikiwa gari limeshuka kidogo tu, pande zote sawa, huenda springi hazihitaji kubadilishwa. Springi iliyochoka haipotezi ugumu wake kama watu wengi wanavyodhani, bali hupoteza urefu. Kwa magari haya kiwanda kiliweka mpira kati ya springi na bodi, wa unene mbalimbali, na kwenye ukingo wa mpira kuna vinundu vidogo: kadiri vinundu vinavyoongezeka, ndivyo unene unavyoongezeka. Mpira uliopondeka kwa miaka 40 ukiondolewa na kuwekwa mpya, au wa unene unaofuata, gari linaweza kurudi kwenye kimo chake pasipo kununua springi. Mercedes-Benz yenyewe ilikuwa na jedwali la pointi, ambapo vifaa vya ziada vilivyofungwa kwenye gari vilihesabiwa, na jumla yake ndiyo iliyoamua springi ipi na mpira upi vifungwe. Kwa hiyo hata W123 mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na springi tofauti tangu siku ya kwanza.

Hapo pia ndipo wauzaji wengi wanapokosea bila nia mbaya. W123 ya steshenivagoni ina mfumo wa shinikizo la mafuta (haidroliki) unaorekebisha kimo cha nyuma wenyewe, na mfumo huo hubeba sehemu ya mzigo pamoja na springi, kwa hiyo springi zake zilitengenezwa laini zaidi. Zikifungwa kwenye saluni, ambayo kwa kawaida haina mfumo huo, gari litalala chini kuliko lilivyokuwa, na mwenyewe ataambiwa springi zilikuwa mbovu. Anayenunua kipuri kilichovuliwa kwenye gari lililokatwa na aulize kwanza kama lilikuwa saluni au steshenivagoni, na kama hakuna anayejua, springi hizo asizichukue.

Kuhusu kukata mzunguko mmoja ili kushusha springi ndefu, au kuipasha moto kwa gesi mpaka ikae, nitasema machache. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi ikikatwa mmoja, inabaki fupi na wakati huohuo inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 14, na ncha iliyokatwa haikai tena vizuri kwenye kikalio chake. Moto nao huondoa uimara ambao chuma kilipewa kiwandani, na hauwezi kurudishwa pale gereji. Hakuna mazingira yoyote ambayo ningelikubali gari linalobeba watoto lifanyiwe hivyo.

Kwa anayesafiri na mzigo mara kwa mara, tuseme mfanyabiashara anayekwenda sokoni kila wiki, zipo springi za mzigo mzito zilizotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, na hizo zinafaa, mradi zinunuliwe mbili kwa pamoja na shokapu zibadilishwe pia. Kwa anayebeba familia yake tu, springi za kawaida ndizo sahihi, hata kama gari litashuka kidogo siku ya arusi likiwa limejaa wageni. Kushuka huko ndiyo kazi ya springi.

Ufungaji nao una yake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu, na kuishusha kwa jeki peke yake, bila kifaa maalumu cha kuibana, ni jambo ambalo mwenye gereji hapaswi kumruhusu mwanafunzi wake alifanye. Boliti za bushi za mikono ya nyuma zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa kuwa zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unabaki umejikunja, unalishikilia gari juu kwa muda, halafu unachanika. Gari lipimwe tena baada ya wiki chache za kutembea, kwa maana springi mpya hushuka kidogo kabla ya kutulia.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vipuri ni dogo na halihitaji mtaji. Kila jozi ya springi kuukuu inayoning'inizwa dukani ifungwe kikaratasi chenye modeli na mwaka wa gari ilikotoka, kama lilikuwa saluni au steshenivagoni, unene wa waya kwa milimita na idadi ya mizunguko. Kwa springi mpya, namba ya kipuri iliyoko kwenye boksi iandikwe kwenye risiti. Nao walimu wa ufundi wa magari katika vyuo vyetu, kama kile cha Nakawa, wawape wanafunzi kalipa na springi kadhaa zisizo na jina, na wasiwapitishe mpaka waweze kusema ipi ni ngumu kuliko nyingine bila kuifunga kwenye gari.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Jinja