Pesach (Pasaka ya Kiyahudi) ya mwaka huu, 2020: kila mtu seder (mlo wa ibada wa usiku wa kwanza) nyumbani kwake

Shalom wapendwa, natumai wote mko salama. Kama mnavyojua sinagogi imefungwa kwa sababu ya corona na kafyu ni saa moja jioni, na seder yenyewe inaanza giza likiingia, so Jumatano tarehe 8 Aprili hakuna kutembeleana, hata kwa jirani wa plot moja tafadhali.

1. Matza (mkate usiotiwa chachu): Jumanne saa nne asubuhi hadi saa saba, getini. Mtu mmoja kwa kila familia, avae maski, achukue paketi aende, stori tutapiga baadaye. Wazee wasitoke, tutawaletea.

2. Mchango wa familia ambazo kazi zimesimama: 500 kwa M-Pesa ya mweka hazina, mwisho kesho Jumatatu jioni. Ukiwa umekwama niandikie inbox, hakuna aibu, pesa hii ndio kazi yake.

3. Jumatano saa kumi jioni tunakutana Zoom, tupitie Haggadah (kitabu cha seder), watoto waimbe Ma Nishtana (yale maswali ya seder) na tuwaombee wagonjwa. Saa kumi na moja na nusu tunafunga maana mishumaa ya sikukuu iwashwe kabla jua halijazama.

Na ukizidiwa, homa ama pumzi inakata, piga simu ya msaada hata kama ni sikukuu ama Shabati, kuokoa maisha kunatangulia, hiyo sio mjadala.

Pia nataka watu wawili wa kupigia wazee wanaoishi peke yao Jumatano mchana, nani yuko?

Jibuni hapa leo kabla ya saa mbili usiku: jina, mko wangapi nyumbani, na matza mnachukua ama mnaletewa. Kuona tu bluu tiki sihesabu 😄