Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti cha Langley cha NASA, Marekani: majengo ya kale yaliyobaki yasibomolewe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Mimi ni fundi wa ndege, kazi niliyoianzia uwanja wa Wilson, Nairobi. Nakuandikia kuhusu majengo yenu ya zamani ya kupimia ndege; si ya nchi yangu, lakini nina deni nayo. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani pale Wilson huanza nayo, imebebwa na bawa la umbo liitwalo NACA 2412. Umbo hilo lilipimwa kwenu Hampton, Virginia, ndani ya tangi la chuma. DC-3 za East African Airways, walizopanda wazee wetu, nazo zilikuwa na mabawa ya ukoo huohuo.

Niwaeleze wasomaji wengine habari za tangi hilo. Mwaka 1915 Bunge la Marekani liliunda NACA, kamati ya utafiti wa ndege iliyoitangulia NASA, kwa kuwa nchi iliyorusha ndege ya kwanza ilikuwa imeachwa nyuma na Ulaya. Maabara ya Langley ikazinduliwa Juni 1920, pamoja na handaki lake la kwanza la upepo, yaani njia iliyofunikwa ambamo hewa hupulizwa kupita ndege au mfano wake ili kuipima. Handaki hilo lilikuwa na shida: hewa haikipiti kidege cha mfano jinsi inavyoipita ndege kamili, kwa hiyo vipimo vilipotosha. Max Munk, Mjerumani aliyesomea Göttingen, akaona dawa yake. Mfano ukiwa mdogo mara 20, hewa nayo ishindiliwe mara 20. Mafundi wa meli wa Newport News, majirani zenu, wakaunda handaki la namna hiyo ndani ya tangi la yapata tani 85, lenye kuta za chuma zenye unene wa zaidi ya sentimita 5. Kufikia 1933 yalikuwa yamechapishwa matokeo ya maumbo 78 ya mabawa. Ukijua kuzisoma, namba zenyewe zinakueleza bawa: katika 2412, 2 ni mpindo wa bawa kwa asilimia ya upana wake kutoka mbele hadi nyuma, 4 inaonyesha mpindo unapofikia kilele, yaani asilimia 40 kutoka ukingo wa mbele, na 12 ni unene kwa asilimia ya upana huohuo. Nilipofundishwa hilo nikiwa kijana, nilirudi kwenye ndege nikalipapasa bawa upya.

Tangi lingalipo. Lililokwenda ni handaki kubwa la 1931, na bado linaniuma. Mdomo wake ulikuwa na upana wa futi 60 na kimo cha futi 30, likaweza kumeza ndege nzima. Pangaboi zake mbili ziliendeshwa na mota za umeme za nguvu za farasi 4,000 kila moja. Mwaka 1938 Jeshi la Wanamaji lilileta ndege ya kivita ya Brewster isiyofikia kasi iliyotarajiwa. Watu wenu waliikagua kipande kwa kipande, wakatafuta kila kinachokamata upepo, wakaonyesha njia ya kuongeza maili 31 kwa saa bila kubadilisha injini. Huo ni ufundi halisi, wa mkono na jicho. Jengo hilo lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1985. Tangazo halikulikinga, baada ya 2009 likabomolewa. Handaki la kasi kubwa la 1936 nalo likabomolewa miaka hiyohiyo.

Najua kutunza jengo kuukuu lisilotumika ni gharama, na kazi yenu ni utafiti. Lakini kuta hizo zina mengine pia. Kuanzia 1943 wanawake weusi walifanya hesabu za mahandaki hayo wakiwa katika ofisi iliyotengwa, na kwenye mkahawa waliwekewa kibao cha kuwatenga kwenye meza yao ya kulia. Miriam Mann alikuwa akikiondoa, kinarudishwa, anakiondoa tena, mpaka wakachoka kukirudisha. Habari hiyo naisoma mbali na meza yenyewe. Kijana wa Hampton angestahili kuisikia akiwa amesimama palepale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba jengo lolote la enzi za NACA litakapofikiriwa kubomolewa, wananchi waulizwe mapema, kabla ya mkataba wa ubomoaji kusainiwa. Na kwa kuwa kituo chenu kiko nyuma ya ulinzi, tengeni siku chache kwa mwaka watoto wa shule waingie, waliguse tangi la Munk, wahesabu ribiti zake.

Wako mwaminifu,
Fundi wa ndege