Kamati za harusi, tupeni robo saa na wazee

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kamati za harusi za hapa Mbeya. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na msimu ndio huu: mvua imekata, mahindi yako ndani, kila Jumamosi matarumbeta.

Mwaka jana bwana harusi mmoja alinipigia simu usiku, miezi minne baada ya ndoa yake. Bibi yake wa Tukuyu amefariki, wanatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Siku ile nilipiga picha zaidi ya 800. Nikazipitia zote. Keki ninayo pande zote nne, viatu vya bibi harusi ninavyo, hata kizibo cha shampeni kikiwa hewani ninacho. Bibi nilimpata mara moja tu, nyuma ya mkono wa MC, kajiziba mdomo kwa kitenge, anacheka. Kuikuza, ikawa chengachenga. Wakamzika nayo hivyo hivyo.

Lawama ni zangu pia, sikatai. Lakini ibada inaandikwa saa nane, inaanza saa tisa kwa sababu saluni hawajamaliza. Tukitoka kanisani saa kumi na nusu, kamati inataka msafara: matarumbeta kwenye pikapu, Kabwe, Mwanjelwa, mpaka Uyole na kurudi, tumebanwa na malori ya Tunduma. Mwezi wa sita huu, saa kumi na mbili na nusu jua linazama. Mwanga unaobaki ni wa dakika kumi, na mwenyekiti ananionyesha saa. Wazee wao wameachwa kwenye benchi nje ya kanisa wakisubiri kosta ya kurudi nyumbani. Baridi ya usiku ya huku mnaijua, ukumbini hawafiki.

Naomba robo saa ya kuwapiga picha wazee pale pale benchini, kabla tarumbeta halijapulizwa. Na iandikwe kwenye ratiba ya MC, maana kisichoandikwa mle hakipo. Sidai hela ya ziada.

Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alikubali. Alivua viatu, akajibana katikati ya babu na bibi yake. Nilipomaliza, babu akanishika mkono: "Ndaga fijo, asante sana, mjukuu wangu. Picha inatoka saa ngapi? Nisije nikapanda kosta kabla."

Mpiga picha,
Mwanjelwa, Mbeya