Detroit haikuuawa na Wajapani, wala fedha hazikurudi zote

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala ya ukurasa wa biashara iliyotoa madai matatu kwa mpigo: kwamba Wajapani ndio walioiua Detroit, yaani kampuni kubwa za magari za Marekani, GM (General Motors), Ford na Chrysler, kwamba Serikali ya Marekani iliiokoa, na kwamba fedha zote zilirudi hadi senti ya mwisho. Hilo la kati nalikubali. Mengine mawili yamenikera, hasa baada ya kijana mmoja hapa chuoni kuyanakili kwenye jibu la mtihani na kugoma kukatwa alama, eti gazeti limesema.

Tuanze na fedha. Chrysler ya 1980 ililipa kweli. Dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 ambayo Rais Carter aliitia saini Januari mwaka huo ilimalizwa 1983, miaka saba kabla ya muda wake, na Hazina ikavuna dola zipatazo milioni 311 juu yake. Mwandishi wenu angeishia hapo, nisingeshika kalamu. Yeye akarukia GM kana kwamba ni habari ileile.

Si ileile. Desemba 2008 Seneti ilikataa kuziokoa kampuni za magari, Rais Bush akazichotea GM na Chrysler dola bilioni 17.4 kutoka mfuko uliotengwa kwa ajili ya mabenki. Obama akaendeleza, na hadi GM inatoka mahakamani Julai 2009, baada ya siku 40 za ufilisi, ilikuwa imepewa takriban dola bilioni 49.5. Kati ya hizo, mkopo wa kulipwa ulikuwa bilioni 6.7 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki iligeuzwa hisa, Serikali ikamiliki asilimia 60.8 ya kampuni mpya. Aprili 2010 mkuu wa GM alitokea kwenye televisheni akatangaza kuwa wamelipa deni lote, na riba juu, kabla ya wakati. Deni lenyewe ni hilo la bilioni 6.7, na malipo ya mwisho yalitoka kwenye akaunti maalumu iliyojazwa na Serikali hiyohiyo. Tangazo hilo ndilo mwandishi wenu alilolimeza bila kutafuna. Hisa zilianza kuuzwa Novemba 2010 kwa dola 33 kila moja, wakati Hazina ilihitaji zaidi ya dola 40 ili isipate hasara. Za mwisho ziliuzwa Desemba 2013. Kwa GM peke yake, mlipa kodi alibaki na pengo la zaidi ya dola bilioni 10.

Ford nayo imetiwa kwenye kapu la waliookolewa. Ford haikugusa mfuko ule. Mwaka 2006, kabla mambo hayajaharibika, iliweka rehani karibu kila kitu, viwanda, hataza, hata ile nembo yake ya buluu, ikakopa zaidi ya dola bilioni 23. Ni kweli mwaka 2009 ilipata mkopo wa Wizara ya Nishati wa dola bilioni 5.9 wa kuboresha viwanda, lakini mlango huohuo Nissan na Tesla waliupita. Na bado mkuu wake, Alan Mulally, alikwenda Washington kuwaombea washindani wake. Haikuwa huruma. Gari moja lina maelfu ya vipuri vinavyotoka kwa watengenezaji wengine, na anayeiuzia GM viti, breki au nyaya mara nyingi ndiye anayeiuzia Ford, na ndiye anayekiuzia kiwanda cha Toyota kule Kentucky. Viwanda hivi haviweki akiba kubwa ghalani. Vipuri vingine hufika saa chache tu kabla ya kufungwa kwenye gari. Akianguka mtu wa kipuri kimoja, laini za kampuni kadhaa zinasimama. Ndiyo maana Machi 2009 Hazina ilitenga hadi dola bilioni 5 kwa ajili ya wauza vipuri peke yao. Makala yenu haina neno hata moja kuhusu hilo.

Sasa Wajapani. Mwaka 1981 Tokyo ilibanwa ikakubali kupeleka Marekani magari ya abiria yasiyozidi milioni 1.68 kwa mwaka. Mfanyabiashara aliyewekewa kikomo cha idadi hajawekewa kikomo cha faida: atapeleka machache, lakini makubwa, yenye kiyoyozi tayari, na ya bei. Chapa zao za kifahari zikaja hivyo: Acura ikazaliwa 1986, Lexus na Infiniti zikafuata 1989. Wakaruka na ukuta wenyewe, wakajenga ndani: Honda Marysville, Ohio, 1982, Nissan Smyrna, Tennessee, 1983, Toyota Georgetown, Kentucky, 1988. Detroit ikapumua, ikapandisha bei. Somo lilikuwa mlangoni mwake. Kiwanda cha Fremont, California, ambacho GM ilikifunga 1982, kilifunguliwa tena 1984 kwa ubia na Toyota. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, chama kilekile cha wafanyakazi wa magari, UAW. Tofauti ni kwamba sasa kila mmoja alikuwa na kamba ya kuvuta asimamishe laini akiona kasoro, na magari yakatoka mazuri. GM ilikaa ndani ya ubia huo miaka 25 na haikuupeleka utaratibu huo nyumbani kikamilifu hadi maji yalipoifika shingoni.

Lakini ukuta ulioilemaza Detroit kabisa ni ushuru wa pikapu kutoka nje, na hapa ndipo makala yenu ilipopita kama haijaona kitu. Ulaya ilipopandisha kodi ya kuku wa Marekani, Rais Johnson alijibu Desemba 1963 kwa kutoza asilimia 25 kwenye wanga wa viazi, brandi na magari madogo ya mizigo. Aliyelengwa kwenye magari ni Volkswagen. Ugomvi wa kuku umesahauliwa, brandi imesamehewa, pikapu bado. Kwa miongo mingi gari la abiria kutoka nje lilikuwa likilipa asilimia 2.5. Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mhasibu wa Detroit. Pikapu ni chesi ya ngazi (fremu ya chuma yenye umbo la ngazi), springi za majani nyuma, injini kubwa isiyo na ujanja mwingi. Si ghali kuitengeneza, inauzwa ghali, na mgeni amefungiwa nje. Gari dogo linataka wahandisi wazuri, faida yake ni kiduchu, na Corolla ipo hapohapo inasubiri. Mtu yeyote atawahamishia wahandisi wake kwenye pikapu. Wakafanya hivyo miaka nenda rudi, hadi kiangazi cha 2008 galoni ya petroli ilipovuka dola 4, mikopo ya magari ikakauka, na Detroit nzima ikakutwa imesimama kwa mguu mmoja. Kichekesho ni kwamba Detroit yenyewe ilikuwa ikiukwepa ushuru huo. Miaka ya 1970 Chevrolet iliuza pikapu iitwayo LUV iliyotengenezwa na Isuzu; zilikuwa zikishushwa bandarini zikiwa kichwa na chesi tu ili zitozwe ushuru mdogo, bodi ya nyuma ikafungwa baadaye. Mwanya huo ulizibwa 1980. Ford ikaja na wake: van yake ndogo, Transit Connect, ilitoka Uturuki ikiwa na madirisha na viti vya nyuma vyenye mikanda, ikashushwa Baltimore kama gari la abiria, ikalipiwa asilimia 2.5, kisha ikaingizwa karakana, viti na mikanda vikang'olewa, baadhi ya vioo vikabadilishwa na bamba la chuma, ikauzwa kama gari la mizigo. Viti vipya, ambavyo hakuna aliyevikalia, vilisagwa. Mwaka 2024 Ford ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi hiyo. Huyo ndiye mzalendo anayelilia ulinzi dhidi ya wageni?

Na kwa kuwa mmeusifu ule mpango wa kununua magari chakavu wa mwaka 2009, mngewaambia wasomaji ulivyofanya kazi. Mwenye gari linalokwenda maili 18 au pungufu kwa galoni alipewa dola 3,500 au 4,500 anunue jipya. La zamani lilipaswa kuuawa. Unamwaga oili yote, unatia takriban lita mbili za mchanganyiko wa sodiamu siliketi asilimia 40 na maji asilimia 60, unawasha, unakanyaga hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Joto linakausha maji, siliketi inaganda kama kioo kwenye beringi, injini inanoki dakika chache tu. Ikipoa unajaribu kuiwasha, ikikubali, unarudia. Injini zilizokuwa zikipumua vizuri ziliuawa hivyo kwa mamia ya maelfu, kwa dola bilioni 3, na gari lililonunuliwa kuliko yote lilikuwa Toyota Corolla. Fundi yeyote anayetafuta injini ya mtumba ataelewa kwa nini habari hii inanipandisha presha.

Jambo jingine. Kila magari ya mitumba yanapotajwa hapa Kenya, ukurasa wenu wa magari humwita Detroit shahidi: tazameni Marekani ilivyolinda viwanda vyake, nasi tukaze zaidi kikomo cha umri wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa. GM ilikuwa na kiwanda Nairobi tangu miaka ya 1970. Gari lililokiweka hai ni Isuzu, Mjapani huyohuyo, na mwaka 2017 Wamarekani wakaiuzia Isuzu asilimia 57.7 ya hisa wakaondoka. Shahidi huyo hatawasaidia.

Pendekezo langu ni dogo. Mwandishi huyo apelekwe gereji yoyote ya Changamwe, apewe spana na gari la abiria, ang'oe safu nzima ya viti vya nyuma pamoja na mikanda, avirudishe, kisha aving'oe tena, huku fundi akimsomea kwa sauti viwango vya ushuru. Akimaliza, aandike masahihisho yenye tarakimu mbili tu: GM ilipewa takriban dola bilioni 49.5, zikarudi takriban bilioni 39. Nayo yachapishwe kwenye ukurasa uleule wa biashara, kwa herufi zilezile, si chini ya matangazo ya vifo kama mlivyozoea.

Mkufunzi wa ufundi magari,
Mombasa